Injini ya Mwethya

Ndege ya baba ilikuwa na mabawa, mkia, magurudumu matatu na kiti kimoja. Haikuwa na injini. Ilikaa katika banda lililokuwa la ng'ombe, nyumbani kwetu Katelembo, nje ya mji wa Machakos, pua yake imefunikwa gunia ili kuku wasiende kutaga ndani. Ukiingia pale mchana wa kiangazi, mwanga ukipenya kwenye matundu ya mabati, ungedhani umekuta mnyama mkubwa aliyechunwa kisha akasahauliwa.

Baba alifundisha ufundi wa mitambo katika shule za sekondari mpaka akastaafu. Ujanani, kabla hatujazaliwa, alikuwa amejifunza kurusha ndege Nairobi. Alipaa mara chache tu, mwalimu wake akiwa kando, halafu karo za wadogo zake zikamshusha, na baada ya hizo zikaja karo zetu. Hakuwahi kulalamika mbele yetu. Lakini mwezi uleule aliostaafu alianza kununua mbao nyepesi na kuzipiga randa kivulini, na jirani walipouliza anatengeneza kitanda cha nani, aliwaambia ukweli, wakacheka, naye akaendelea na randa yake.

"Wanaume wengine wakistaafu wanaoa mke wa pili," mama alisema. "Wangu ameoa ndege. Na mimi ndiye namfagilia huyo mke mwenzangu chumba chake."

Kilichoharakisha mambo ni macho. Baba alikuwa na presha ya macho. Daktari wa mjini alimweleza kwamba huanzia pembeni, ikija kidogo kidogo kuelekea katikati, na kwamba kinachopotea hakirudi. Matone yangepunguza mwendo tu. Aliporudi nyumbani siku hiyo alikunja gazeti likawa bomba, akanipa nichungulie. Niliona kipande cha ukuta, kalenda ya kanisa, hakuna zaidi.

"Langu bado ni pana," alisema. "Litakuwa jembamba."

Tangu hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa baba anataka nini. Alitaka magurudumu yale yaachane na ardhi ya Katelembo mara moja, usukani ukiwa mikononi mwake, kabla bomba halijaziba. Kuhusu vibali na wakaguzi alijibu kila mtu jibu moja: kwanza iungurume.

Kaka yangu mkubwa anaishi Syokimau na kazi yake ni kutoa mizigo ya watu bandarini na kwenye uwanja wa ndege. Jumapili moja alikuja na simu iliyojaa picha. Mama alikuwa amepika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Kaka aliisukuma sahani kando, akaiweka simu mbele ya baba, karibu kabisa, katikati.

"Mzee, hii mambo si ngumu. Kuna wasee huko South Africa wanauza kit. Kila kitu iko ndani. Kranki mpya, pistoni nne zote uzito moja, kabureta, mpaka bolti ya mwisho. Unafungua, unafuata kitabu, unafunga tu kama meza. Pesa ni yangu, usiniulize. Na mzigo yangu haijawahi kukwama port, hata siku moja."

"Kama meza," baba alisema. "Basi niletee meza."

"Mzee, serious."

"Hizo pistoni nani amezipima?"

"Watu wa kampuni."

"Unawajua?"

"Aa, mzee! Hata rubani wa ndege ya Mombasa hajui nani alifunga bolti."

"Ndiyo maana mimi huenda Mombasa na basi."

Tulicheka, hata kaka. Halafu baba akaeleza, kwa ile sauti ya darasani iliyokuwa haijamtoka. Injini ya sanduku, alisema, unaifunga bila kuijua. Ikikohoa ukiwa juu, utaiuliza nini? Utaanza kusoma kitabu? Lakini injini uliyoitafuta kipande kwa kipande, ukakisafisha kila kimoja, ukajua kilitoka wapi na kilipata taabu gani, hiyo ikikohoa unajua ni nani anayekohoa. Na vipande vilikuwapo. Zamani Machakos ilijaa vile vigari vya mgongo wa kobe, injini nyuma, inayopozwa kwa hewa bila tone la maji. Walimu waliviendesha, na mapadri, na mabwana shamba. Duniani kote watu wanaojitengenezea ndege wamezichukua injini hizo na kuzitia propela. Sasa magari yenyewe yamelala nyuma ya nyumba za watu, majani yakiota madirishani.

Kaka alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, polepole, bila Sheng yoyote, "Lakini macho hayatangoja, baba."

Mama aliinuka akampakulia kaka muthokoi tena ingawa sahani yake ilikuwa bado imejaa.

Wote wawili walisema kweli, na hilo ndilo lililofanya chakula kisishuke. Kaka alikuwa anamnunulia baba muda. Baba alikuwa anasema muda si kitu cha kufunguliwa sandukuni. Mimi nilikaa kati yao nikimtazama mama akifuta meza iliyokuwa safi.

Baba alianza kutafuta vipande mjini, kwa mfanyabiashara mmoja Msomali aliyeuza mbuzi, na nyuma ya zizi la mbuzi akauza vyuma chakavu. Nilikwenda naye. Tulikuta injini nzima ya kobe imelala chini ya matairi, pistoni na silinda zake zimekwishaibwa, lakini bodi ilikuwa haijapasuka na kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ilikuwa imenyooka. Baba alipiga magoti kwenye samadi, akaipapasa kama anayepapasa goti la mtoto.

"Mwalimu, gari yenyewe iko wapi?" mwenye mbuzi aliuliza.

"Si ya gari. Ni ya ndege."

Yule mtu alimtazama baba, akanitazama mimi, akatazama mbinguni. "Wallahi, ukianguka usiseme ulinunua kwangu."

Zilibaki pistoni na silinda zake. Na hizo hazikuwa tatizo. Duka moja la vipuri mjini lilikuwa na seti kamili, mpya, nne kwenye boksi moja, zimetoka kiwandani pamoja. Baba alizishika, akazipenda, akasema atazirudia wiki ijayo. Ingekuwa hivyo, nusu ya hoja ya kaka na nusu ya hoja ya baba, labda haya ningeyaandika kwa namna nyingine.

Wiki hiyo ilikuwa zamu yetu ya mwethya. Mwethya ni kundi la kazi. Mama yumo tangu aolewe. Leo wanachimba matuta kwako, kesho wanabeba mawe ya bwawa la mchanga kwa jirani, na hakuna anayelipwa ila kwa mgongo wake zamu ya mwenzake ikifika. Mama aliomba wasawazishe uwanja wa ndege. Walikuja na majembe na sururu, wanawake wengi na wazee wachache, wakaenda mstari mmoja kutoka uani mpaka kwenye ua wa mkonge, wakiimba, wakirusha mawe pembeni. Vumbi lilipotulia kulikuwa na njia nyekundu, ndefu, inayoelekea mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Wakati wa chai baba alisimama kushukuru. Angeshukuru akakaa. Lakini alikuwa na furaha, na mwalimu mwenye furaha huongeza mfano. Alieleza injini imefikia wapi. Alisema zimebaki pistoni nne tu, za vile vigari vya kobe mlivyokuwa mkivisukuma kwenye matope.

Mwenyekiti wa kundi, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kengele, aliweka kikombe chini.

"Mmemsikia mwalimu," alisema.

Basi. Katika mwethya, haja iliyotajwa uani kwa mtu baada ya kazi nayo inakuwa kazi. Baba alijua hivyo tangu alipokuwa akienda mgongoni mwa mama yake. Ile seti mpya ya dukani hakuweza tena kuitaja.

Pistoni zikaanza kuja. Ya kwanza aliileta mwenyekiti mwenyewe, imefungwa katika leso safi: pistoni na silinda yake, kutoka gari lililokuwa limelala kwake chini ya kuni. Ya pili ililetwa na mzee wa kanisa, kutoka gari la padri aliyembatiza. Ya tatu, jirani wa ng'ambo ya korongo. Kila moja ilikuja na maombi na chai, na kisa cha safari fulani, mvua fulani, mgonjwa fulani aliyefikishwa hospitalini au hakufikishwa.

Ya nne ilitoka Muthetheni. Aliyeileta ni dada ya mwenyekiti, mjane mrefu, mkavu, aliyekataa kukaa. Mume wake alikuwa bwana shamba. Alikufa wiki ileile gari lake lilipokuwa limefunguliwa na fundi, na watu wa vyuma walipokuja kulikokota, pistoni moja na silinda yake zilibaki chini ya kitanda. Mjane aliitumia hiyo silinda kuzuia mlango usijibamize kwa upepo.

"Huyu mzee hajatembea tangu tumzike," alimwambia baba. "Mtembeze kidogo."

Baba aliipokea kwa mikono miwili.

Lile boksi la dukani hakulirudia.

Alizipima juu ya mizani aliyoazima dukani kwa jirani, na mimi nikasoma mshale kwa sababu kwake ulikuwa umeanza kuyeyuka. Upana ulikuwa mmoja, hilo lilikuwa bahati. Uzito haukuwa. Ile ya bwana shamba ilikuwa nzito kuliko zote, nene, ya mtindo wa zamani, na ya padri ilikuwa imelika kama sabuni. Baba alikuwa amewafundisha watoto wa watu miaka mingi kwamba pistoni zikitofautiana uzito, injini hujipiga yenyewe mpaka ikafa. Hakuhitaji mtu wa kumwambia.

Kaka alipozikuta mezani alishika kichwa.

"Mzee, nunua ile set ya town. Hizi weka kwa kabati, uwe unaziangalia."

"Nitamwambia nini yule mama? Kwamba mume wake hakutosha?"

"Hatajua!"

"Atauliza ni ipi. Atataka kuigusa."

"Muonyeshe yoyote!"

Baba aliivuta karibu ile nzito. Alichukua tupa.

Ndivyo kazi ilivyokuwa tangu mahindi yalipopandwa mpaka yalipokauka yakiwa mafupi, maana mvua haikuwa mvua mwaka huo. Alikwangua pistoni nzito kwa ndani, pale ambapo chuma kinaweza kupungua bila kudhoofika, mikwaruzo michache tu, akaiosha kwa mafuta ya taa, akaiweka kwenye mizani. Nilisoma. Alikwangua tena. Aliogopa kukwangua sana, kwa hiyo alikwangua kama mtu anayenyoa mtoto aliyelala. Unga wa chuma ulimkaa kwenye mistari ya viganja. Banda lilikuwa la moto, nzi wakitembea juu ya mabawa, na nje ile njia nyekundu ikaanza kuota majani.

Nilikuwa nikirudi Nairobi kwa kazi zangu na kuja tena, na kila nilipokuja bomba lilikuwa limepungua. Kwanza aliangusha vikombe, vya upande wa kulia tu. Halafu alianza kugeuza kichwa chote kumtafuta anayezungumza, kama kuku anayetafuta punje. Halafu mama akahamisha karai, ndoo na jiko, kila kitu kilichokuwa kando ya njia ya kutoka nyumbani kwenda bandani, akaacha njia tupu, bila kumwambia mtu sababu. Baba hakuuliza vilikokwenda.

Kaka aliacha kutaja kit. Kuna siku aliniambia getini, akiwa amewasha gari tayari, "Unajua ingekuwa imefika? Kitambo. Ningeitoa mwenyewe, kwa hii mikono." Akanionyesha mikono yake. Kisha akaondoka.

Siku ya kuiwasha, baba aliwaita watu wa mwethya kwa sababu hakuwa na njia ya kutowaita. Walivaa nguo za kanisani. Injini ilikuwa imefungwa uani kwenye fremu ya vyuma iliyozikwa kwa saruji, propela ya mbao mbele yake imepakwa rangi nyeupe kwenye ncha. Mjane wa Muthetheni alikuja mapema. Alimwomba baba amwonyeshe, na baba akakipeleka kidole chake kwenye silinda ya nyuma, upande wa kushoto. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Mjane aliuacha mkono wake hapo kwa muda, akasogea nyuma, akajifunga leso upya.

Kaka aliizungusha propela kwa mkono. Ilikohoa. Akazungusha tena, ikakohoa, ikatema moshi. Mara ya tatu ikashika.

Sijui niuelezeje ule mlio. Haukuwa mlio mzuri. Ulikuwa na kilema ndani yake, kishindo kilichochelewa kidogo, na fremu yote ilitetemeka mpaka maji kwenye sufuria ya chai yakaanza kucheza. Lakini iliwaka, na haikuzima. Majani makavu yalipeperuka uani, kuku wakakimbilia mkonge, wanawake wakapiga vigelegele, na baba, aliyekuwa amesimama ubavuni mwa injini, aliinua uso kama anayenyeshewa.

Aliusikia ule mtikisiko. Mimi nilimwona anausikia, akiinamisha sikio. Alitaka kwenda kwenye kabureta kupunguza mafuta, na kabureta ilikuwa karibu zaidi kwa kupitia mbele. Propela inayozunguka haionekani hata na mtu mwenye macho yake yote. Ni ukungu tu, na zile ncha nyeupe zinachora duara hafifu. Ukungu ule ulikuwa kuliani kwake. Alipiga hatua, akapiga nyingine, bila haraka, kama mtu anayevuka sebule yake.

Mama alimshika koti kwa nyuma kwa mikono yote miwili na kumvuta. Vifungo viliruka. Walianguka pamoja, baba juu ya mama, vumbini, na watu walioketi nyuma, ambao walichoona ni mzee na mkewe wamekumbatiana kwa furaha, walizidisha vigelegele.

Kaka alizima injini. Propela ikapunguza mwendo, ikaonekana, ikasimama.

Baba alikaa palepale chini. Alimuuliza kaka kwa sauti ndogo, "Ilikuwa wapi?"

"Mbele yako, baba."

"Mkono gani?"

"Wa kulia."

Baba akaitikia kwa kichwa polepole, kama mwalimu aliyepewa jibu sahihi. Mama alikuwa bado ameushika upindo wa koti. Alitazama vidole vyake, akaviachanisha kimoja kimoja.

Kisha baba akasimama, akajipangusa, akawageukia wageni na kuwahutubia. Alishukuru kila nyumba kwa ilicholeta. Alisema mmesikia wenyewe, inafanya kazi. Mwenyekiti akauliza ile siku yenyewe ni lini, na baba akasema, "Upepo ukikaa vizuri." Hakuna jani lililokuwa likitikisika. Wakapiga makofi.

Watu walipoondoka kaka alichukua spana akaifungua propela, bolti moja baada ya nyingine, bila kuambiwa. Baba aliketi kwenye stuli akisikiliza.

"Ile kit yako," baba alisema. "Ingekuwa imefika?"

Kaka hakuinua kichwa. "Wapi! Hizo vitu hukwama port, mzee. Saa hii tungekuwa bado tunangoja."

"Wewe ndiye hutoa mizigo port."

"Ndiyo maana najua."

"Haijawahi kukukwamia hata siku moja. Ulijisifu mezani Jumapili ile."

"Nilikuwa naringa tu, mzee. Hukwama. Kila siku hukwama."

Baba alinyoosha mkono hewani, upande wa kushoto, ambako kaka hakuwako. Kaka akasogea mpaka akawa chini ya ule mkono.

Kila Jumapili watu walimuuliza baba siku ni lini, na kila Jumapili upepo ulikuwa haujakaa. Mvua zilizofuata zilikuwa nzuri kidogo, na njia ile ikafunikwa majani mpaka magotini. Asubuhi moja nikiwa nyumbani nilisikia sauti nje, nikatoka. Mwethya walikuwa wamekuja na majembe. Haikuwa zamu yetu. Mwenyekiti alisema uwanja hauwezi kuachwa namna ile, siku yenyewe ikifika mwalimu atapaa kwenye magugu?

Baba alitoka na jembe lake. Katika mwethya watu huchimba kwa mstari, bega kwa bega, majembe yakipanda na kushuka pamoja, na anayekaa mwishoni ni lazima awe na macho ya kuona mwenzake anapogeuka. Baba, kwa mazoea ya mwenye boma, alielekea mwishoni, upande wa kulia.

"Mwalimu," mwenyekiti alisema, "leo kaa hapa katikati."

Baba alisimama kidogo. Halafu akaenda pale alipoonyeshwa. Mwanamke wa kushoto akasogea karibu zaidi, na wa kulia akasogea karibu zaidi, hadi mikono yao ikawa inagusana na yake kila jembe lilipoinuka, na mtu mmoja akaanzisha wimbo, nao wakaanza kuilima ile njia.